Laptopu ya nyumbani: nilipe 3,500 ya antivairasi au niache?

MwalimuWaLanet, Nakuru

Hamjambo wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa Jumatatu.

Nina laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840 G3, RAM GB 8, Windows 10. Niliinunua mjini hapa Nakuru mwaka juzi. Tunaitumia watu wanne: mimi kwa mitihani na maazimio ya kazi, baba watoto kwa mambo ya kodi ya KRA ikikaribia mwisho wa Juni, na watoto wawili kwa kazi za shule na, najua, kwa mambo mengine.

Wiki tatu sasa, pembeni kulia chini kunachomoza kijisanduku chekundu: antivairasi yako imeisha muda, virusi 5 vimepatikana, lipia sasa. Kinakuja hata nikiwa katikati ya kuchapa. Juzi kilichomoza mwalimu mkuu akiwa amesimama nyuma yangu tukipitia karatasi ya Darasa la Nane ya zamani, nikatamani ardhi ipasuke. Nikampelekea fundi mmoja karibu na stendi. Aliiangalia dakika mbili, akasema leseni imeisha, nimpe 3,500 aniwekee ya mwaka mzima.

Baba watoto anasema tuweke ya bure. Jirani anasema Windows ina yake tayari na sote tunapoteza wakati. Intaneti yetu ni hotispoti ya simu, bando la siku. Niweke ipi? Natanguliza shukrani.

Wanjala_Bgm, Bungoma

Mwalimu, weka Kaspersky ulale usingizi. Mimi niko nayo tangu chuo na sijawahi kujuta.

MtuWaPengwini, Kisumu

Futa Windows, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Tatizo limekwisha, uzi ufungwe.

NyarKisumo, Kisumu

Pengwini umeanza. Mwalimu ana mitihani ya Word yenye majedwali na michoro, ikifunguliwa kwingine mistari inakimbiana. Wacha tumsaidie na alichonacho.

MzeeHesabu, Kakamega

Binti yangu, mimi ni mhasibu mstaafu na bado nafanyia vyama viwili hesabu nikiwa nyumbani. Nalipia, na sioni haya kusema nalipia. Lakini usilipe kwa sababu fundi amekuambia "ya mwaka mzima". Ukiona anachomoa leseni moja na kuiweka kwenye mashine ya kila mteja, ujue mwenye leseni akishtuka itazimwa, nawe utabaki na dirisha jekundu la kweli safari hii.

Ukitaka kujua ipi ni nzuri usiulize muuzaji. Kuna maabara mbili zinazojulikana: AV-Test ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Wao hukusanya virusi halisi, wakavitupia programu zote, kisha wakaweka matokeo mtandaoni bure. AV-Test hugawa alama 18: sita za ulinzi, sita za wepesi, sita za kutokusumbua mtumiaji kwa kelele za uongo. Humo utaziona Bitdefender ya Romania, ESET ya Slovakia, Kaspersky, Norton, Avast, na Defender, ile antivairasi inayokuja ndani ya Windows, pia, na tofauti kati ya zile za juu ni ndogo sana siku hizi. Miaka kumi na tano iliyopita haikuwa hivyo.

Wanjala_Bgm

Mzee, na hii habari kwamba Kaspersky imepigwa marufuku Marekani? Nilisikia nikaogopa kidogo.

MzeeHesabu

Ni kweli. Serikali ya Marekani ilitangaza Juni 2024, na kufikia mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo kampuni ilikatazwa hata kuwapelekea wateja wa huko masasisho. Sababu waliyotoa ni kwamba kampuni iko chini ya sheria za Urusi na antivairasi huona kila kitu ndani ya mashine. Kampuni ilikana kufanya ubaya wowote. Hiyo marufuku ni ya Marekani, haikufuati Bungoma. Ila swali la nani unamfungulia mlango wa chumbani ni swali la haki, na si kwa Warusi tu. Avast wenyewe walikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyokuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo wateja wao walitembelea. Waliifunga 2020, na 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikawatoza dola milioni 16.5. Kwa hiyo hata "ya bure" ya baba watoto iulizwe inakula wapi.

Jabali_Kondele, Kisumu

Mwalimu, kabla hatujafika Romania na Urusi. Hicho kijisanduku kikichomoza tena usikifunge haraka. Tazama maandishi madogo kabisa, juu au chini ya ujumbe. Yanasemaje?

MwalimuWaLanet

Kimetoka sasa hivi, nimekipiga picha kwa simu. Juu kuna nembo ya antivairasi inayojulikana. Chini kwa herufi za kijivu: Google Chrome, halafu jina la tovuti refu lisilo na maana, kama mtu alikalia kibodi.

Jabali_Kondele

Nilidhani hivyo. Mwalimu, je, umewahi kusakinisha antivairasi yoyote kwenye hiyo mashine?

MwalimuWaLanet

Hapana. Nilidhani duka liliniwekea.

Jabali_Kondele

Basi hakuna leseni iliyoisha, maana hakukuwa na leseni. Hiyo ni arifa ya kivinjari. Kuna mtu hapo nyumbani aliingia kwenye tovuti, ikamwambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti", akabonyeza. Alichoruhusu ni tovuti hiyo kumtumia arifa wakati wowote. Nao wanatuma matangazo yenye nembo ya kampuni ya watu, ukilipia wanapata kamisheni, au wanachukua namba ya kadi yako wakaenda zao.

Fungua Chrome, vidoti vitatu juu kulia, Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya Tovuti, Arifa. Kama Chrome yako ni ya Kiingereza fuata njia ileile. Utaona orodha ya walioruhusiwa. Ondoa wote usiowajua. Ukiwa hapohapo, chagua tovuti zisikuulize tena kabisa.

Fundi wako ama hakujua, ama alijua.

MwalimuWaLanet

Kumi na nne! Nimezihesabu. Nimezifuta zote. Kijana wangu wa Kidato cha Pili amekiri alikuwa akitafuta mahali pa kutazama mechi bure. Kijisanduku hakijarudi tangu saa mbili usiku. Mungu awabariki. Kwa hiyo 3,500 yangu imepona na siweki kitu?

NyarKisumo

Ngoja kwanza, dada. Laptopu ni ya mtumba, kwa hiyo duka ndilo lililokuwekea Windows. Jabali, unafikiria ninachofikiria?

Jabali_Kondele

Ndiyo. Mwalimu, fungua Windows Security, ile yenye ngao. Inaonyesha nini?

MwalimuWaLanet

Alama ya tiki ya kijani. Hakuna tatizo, inasema.

Jabali_Kondele

Tuijaribu. Kuna maandishi maalumu yanaitwa EICAR, herufi 68 tu, si virusi, hayadhuru kitu. Karibu watengenezaji wote wa antivairasi walikubaliana kwamba programu yao ikiyaona itapiga kelele kana kwamba ni virusi. Ni kama kubonyeza kile kitufe cha kujaribu king'ora cha moto. Tafuta EICAR kwenye tovuti yao, nakili ule mstari, ubandike kwenye Notepad, uhifadhi kwenye desktopu kwa jina lolote. Siuandiki hapa, simu za wengine zisije zikaanza kulia.

Defender ikiwa macho, faili halitakaa hata sekunde kumi.

MwalimuWaLanet

Nimehifadhi. Nimeenda nikakoroga ugali, nimerudi. Faili liko hapo tu. Tiki bado ni ya kijani.

Jabali_Kondele

Haya. Windows Security, ulinzi wa virusi, mipangilio, shuka hadi chini kabisa kwenye neno Exclusions. Ni orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Mwenye mashine ndiye anayepaswa kuijaza, na kwa kawaida huwa tupu.

MwalimuWaLanet

Kuna kitu kimoja: C:\

NyarKisumo

Uwi.

MtuWaPengwini

Hapo hata mimi nimeacha mzaha.

Jabali_Kondele

Kwa faida ya wanaosoma: C:\ ni diski nzima. Yaani askari yuko langoni, amevaa sare, ana rungu, na ameambiwa asimwangalie mtu yeyote anayeingia. Ndiyo maana tiki ni ya kijani. Askari yupo, hajalala, anatii amri.

Mara nyingi hufanywa na kile kiprogramu cha kuamsha Windows bila leseni. Defender hukiona kuwa kibaya, kwa hiyo anayekitumia huizima kwanza au huiambia isitazame. Wakati mwingine kiprogramu chenyewe hujiongeza kwenye orodha. Na vingi huja vimebeba mzigo: wezi wa nenosiri ambao huchota kila kitu ulichohifadhi kwenye kivinjari, pamoja na zile kuki zinazokufanya usiulizwe nenosiri tena, wakakipeleka kwao ndani ya dakika chache. Havipunguzi kasi wala havionyeshi dirisha jekundu. Sisemi yako ina mwizi, nasema miaka miwili hakuna aliyekuwa akitazama.

NyarKisumo

Nina saiberi karibu na njia ya kwenda Maseno, nimeyaona haya hadi nimechoka. Maduka mengi ya mtumba hayasakinishi Windows mashine moja moja. Wana diski moja mama, wamekwisha kuweka Windows, Office, kicheza video na hicho kiprogramu, wanainakili kwenye mashine hamsini. Moja ikiwa na kidudu, hamsini zinacho. Si lazima mwenye duka awe mbaya, amepewa diski na mwenzake aliyepewa na mwenzake.

Jambo la kuuma ni kwamba hata hawakuhitaji kuiba. Hizi EliteBook zilikuwa za maofisi huko Ulaya, na nyingi zina leseni halali ya Windows Pro iliyochomekwa kwenye ubao wenyewe tangu kiwandani. Ukisakinisha upya kutoka kwa Microsoft, ukaunganisha intaneti, inajiamsha yenyewe. Niliwahi kumfanyia mteja akadhani nimemdanganya.

MzeeHesabu

Haya ndiyo mambo nisiyoyajua. Nimeenda kutazama yangu. Iko tupu, alhamdulillahi, lakini moyo ulienda mbio.

MwalimuWaLanet

Sasa nifanye nini? Nikifuta hiyo C:\ nikakagua haitoshi?

Jabali_Kondele

Ifute leo na ukague yote, ndiyo. Kuna ukaguzi unaozima mashine na kukagua kabla Windows haijaamka, unaitwa offline, huchukua kama robo saa. Lakini kwa mashine iliyokaa wazi miaka miwili, mimi singeiamini hata ikisema safi. Ningepiga fomati, yaani kufuta diski yote na kusakinisha Windows upya.

Kwanza, kwa simu yako na si kwa hiyo laptopu, badilisha manenosiri. Anza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nenosiri jipya la kila kitu kingine. Kisha eCitizen ya huduma za serikali, iTax ya kodi, benki. Kwenye barua pepe chagua kuondoa vifaa vyote vilivyoingia, na uwashe uthibitisho wa hatua ya pili.

Halafu nakili kazi zako kwenye flashi: hati na picha tu. Usinakili programu yoyote. Washa kuonyesha mwisho wa majina ya mafaili uone kama kuna lililojiita mtihani.docx.exe, hilo si mtihani, ni programu.

Halafu kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, pakua kutoka Microsoft chombo cha kutengeneza flashi ya Windows. Flashi ya GB 8 au zaidi, na bando la zaidi ya GB 4, kwa hiyo nenda kwa mwenye waifai. Wakati wa kusakinisha futa vigawanyo vyote vya diski, usibakize hata kimoja.

MtuWaPengwini

Swali la haki, si mzaha. Windows 10 si ilikwisha? Na G3 ni kichakataji cha kizazi cha sita.

Jabali_Kondele

Ni kweli, na ni muhimu kuliko jina la antivairasi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo 840 G3 haimo, G5 yenye kizazi cha nane imo. Anayenunua mtumba leo atazame hilo kabla ya kutazama rangi.

Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama ya mwaka mmoja kwa watu wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya Windows Update. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi. Defender yenyewe wamesema wataendelea kuipa taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini hiyo ni kuongeza askari huku ukuta una tundu. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamepokea kiraka.

Kwa hiyo Pengwini, baada ya hiyo tarehe wewe ndiwe utakayemfundisha mwalimu Mint.

MtuWaPengwini

Nimekubali. Nitakuja Nakuru kwa nauli yangu.

MzeeHesabu

Kuna jambo moja nitalitetea, Jabali, kabla hujamwacha na Defender tu. Defender hutegemea sana kuuliza makao makuu kupitia intaneti. AV-Comparatives hupima mashine ikiwa imeunganishwa na ikiwa haijaunganishwa, na Defender ikikatwa intaneti alama zake hushuka wazi kuliko za mwenzake Bitdefender. Mwalimu huyu anatumia bando la siku. Usiku bando limeisha, kijana anachomeka flashi ya shule. Hapo nani anamlinda?

Jabali_Kondele

Mzee, hapo umenishika. Ni kweli. Na kuna la pili: hotispoti ikiwekwa kama muunganisho wenye kipimo, Windows huahirisha masasisho ili isile bando. Watu wanakaa miezi hivyo wakidhani wako salama.

Kwa mtu wa bando, ama aweke mazoea ya kuwasha data na kusasisha kabla ya kuchomeka flashi ya mtu, ama achukue toleo la bure la Bitdefender ambalo halina madoido mengi. Si zote mbili: ukiweka nyingine, Defender inajiweka pembeni yenyewe, na kuziweka tatu ndiko kunakofanya mashine ya GB 8 itambae. Kulipia ningelipia kama nina hesabu za vyama viwili kama wewe.

NyarKisumo

Na flashi ndiyo adui wa huku kwetu, tusidanganyane. Mtoto anatoka saiberi, anachomeka, mafaili yote yamegeuka vile vijialama vya mshale. Analia kazi imepotea. Haijapotea, imefichwa, na kila mshale ukibonyezwa unawasha kidudu kwanza ndipo unafungua hati, ili usishtuke. Usibonyeze. Kagua flashi nzima, kisha fungua dirisha jeusi la amri uandike attrib -h -r -s /s /d na herufi ya flashi, mfano E:\*.* , mafaili yanarudi. Mimi hufanya hivyo mara tatu kwa siku msimu wa miradi ya shule, na silipishi mtoto.

Halafu, dada: watoto wape akaunti yao ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Hiyo peke yake ingekuokolea mengi.

Wanjala_Bgm

Nimefungua yangu nione hiyo Exclusions. Nina Kaspersky kwa hiyo Defender iko pembeni, lakini kwenye Kaspersky pia kuna orodha kama hiyo, na ndani kuna folda ya gemu niliyoishusha 2023. Niliiweka mwenyewe kwa sababu maelekezo yalisema "zima antivairasi kwanza". Jamani.

NyarKisumo

Ikikuambia uzime mlinzi ndipo iingie, ndugu, hiyo ni gemu au ni mgeni wa aina gani?

MwalimuWaLanet

Nimerudi baada ya siku tisa, samahani, tulikuwa na mitihani.

Nilibadilisha manenosiri yote kwa simu. Kwenye barua pepe kulikuwa na kifaa kimoja kisicho chetu, Windows, mji ambao hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kufika. Nilikiondoa mikono ikitetemeka. Hakuna pesa iliyopotea, kwa tunavyoona.

Mwalimu mwenzangu wa kompyuta alinitengenezea flashi. Tulifomati Jumamosi asubuhi, na NyarKisumo hukunidanganya: ilipounganishwa tu iliandika kwamba Windows imeamshwa kwa leseni halali. Baba watoto alisoma mara mbili. Tumejiandikisha kwa ile nyongeza hadi Oktoba 2026. Nimeweka Bitdefender ya bure kwa sababu ya neno la mzee kuhusu bando. Mashine imekuwa nyepesi kuliko siku niliyoinunua.

Nilirudia lile jaribio la herufi 68. Nilibonyeza hifadhi, kabla sijatoa mkono kwenye kipanya faili likamezwa. Nililirudia mara tatu, naona aibu kusema, kwa raha tu.

Ile 3,500 imenunua flashi ya GB 128 ya nakala za mitihani na bando, na chenji ikabaki. Watoto wana akaunti yao. Jana kijana alitaka kuweka gemu, ikamwomba nenosiri la msimamizi. Akaniuliza, nikamwambia akamuulize baba yake. Baba yake halijui.